Malazi Tutakupa, Kimbilio Hatuna

Shangazi alikuwa akichambua mchele, mimi nikimsimulia kitabu.

Si kawaida yangu. Ila hicho nilikuwa nimekimaliza usiku wa kuamkia siku ile, nikalala vibaya, na asubuhi nikajikuta nimekaa naye mkekani, uani kwake Tanga, nasema bila kuulizwa. Nikamwambia: huko jangwani, pale Pakistani, Irani na Afghanistani zinapopakana, kuna ngome ya askari. Siku moja wanatokea mwanamume na mwanamke, wamechoka kufa. Mwanamke ni binti wa mkuu wa kabila. Mwanamume alikuwa mtumishi wa baba yake. Wametoroka.

Mwanamume anamwomba mkuu wa ngome kimbilio. Mkuu anamjibu kwamba kimbilio hawezi kumpa, kwa kuwa sheria za watu wake anazijua vizuri. Malazi atampa. Wakae wanavyotaka, wale, wanywe maji. Ila wakija kufuatwa, yeye haingilii.

Ungo ukasimama.

"Kwa hiyo anajua watakuja kuuawa?"

"Anajua, shangazi."

"Sasa hapo amewapa nini?"

Sikuwa na jibu, nikaendelea. Wakaishi pale miaka, wakapata mtoto wa kiume. Kisha siku moja akapita mtu wa kabila lao, nao wakajua kwamba mwisho umefika. Wakakimbia, wakafikiwa njiani. Mwanamume akampiga mkewe risasi mwenyewe, kama walivyokwisha kuagana, asije akaangukia mikononi mwao. Yeye wakampiga mawe hadi akafa. Mtoto wakamwacha hapo hapo mchangani.

Shangazi alikaa kimya kidogo, akatoa chuya mbili, akazitupa pembeni.

"Na huyo mwanamke, anaitwa nani?"

Nilikuwa nimesahau.

Ni wiki ya tano sasa, na swali hilo halijanitoka.

## Gul Bibi

Nilirudi kitabuni usiku ule. Anaitwa Gul Bibi. Jina lipo pale pale, wala halikufichwa. Nililisoma nikalipita, nikabaki na "yule mwanamke". Jina la mwanawe nilikuwa nalo mdomoni: Tor Baz, kipanga mweusi, anayezunguka kitabu kizima na ndiye aliyekipa jina. Kitabu ni *The Wandering Falcon* cha Jamil Ahmad, kilichotoka mwaka 2011, mwandishi akiwa na umri wa karibu miaka themanini.

Nilikusudia kuandika jinsi riwaya zinavyomsimulia mwanamke wa Wapashtuni, watu wa pande zote mbili za mpaka wa Pakistani na Afghanistani. Niweke sawa jambo moja kabla sijarushiwa maneno. Gul Bibi si Mpashtuni. Kabila lake ni la Wabulushi, ndugu wa hao hao ambao mababu zao waliletwa Unguja na Mombasa kuwa askari wa masultani wa Omani, na ambao wajukuu zao leo ukiwasikia wanavyoongea Kiswahili utasahau kabisa habari za majangwa. Lakini kadiri kitabu kinavyopanda kaskazini, tunaingia kwa Wapashtuni wenyewe, na kanuni wanayoiita pashtunwali: ukarimu kwa mgeni, kisasi, na *nang*, yaani heshima. Kuna na *namus*, ambayo ni heshima ya mwanamume inayotunzwa ndani ya mwili wa mwanamke. Wenyewe wana msemo kwamba mahali pa mwanamke ni pawili: nyumbani au kaburini. Kwa lugha yao maneno hayo mawili yana vina, *kor* na *gor*, na nadhani ndiyo maana msemo haufi.

Katika kanuni hiyo hiyo kuna jambo zuri mno. Linaitwa *nanawatai*. Mtu akikuingilia nyumbani kuomba hifadhi, hata kama ni adui yako, unawajibika kumlinda. Watu waliotunga sheria nzito ya kimbilio kuliko wote ninaowajua mimi! Na bado ukisoma riwaya na hadithi zinazowahusu, mwanamke anakimbia kurasa mia mbili asipate mlango.

Nilianza kwa kuilaumu mila. Ndiyo njia rahisi, na mtandaoni ingenipatia wasomaji wengi kuliko niliyoishia kuishika.

## Aliyekaa ngomeni

Nikamtafuta mwandishi.

Jamil Ahmad alikuwa mtu wa serikali. Aliingia utumishi wa Pakistani mwaka 1954, akafanya kazi miaka mingi Balochistan na mpakani, kwenye wilaya zile zile anazoziandika. Alikuwa ofisa wa kisiasa, cheo kilichorithiwa kwa Waingereza. Kazi ya ofisa wa kisiasa ilikuwa kuwatawala watu wa makabila kwa Sheria ya Makosa ya Mpakani ya mwaka 1901. Sheria hiyo iliwaweka mbali na mahakama za kawaida. Kesi zilipelekwa kwenye *jirga*, baraza la wanaume, na ofisa ndiye aliyeteua wajumbe. Mmoja akikosa, ukoo mzima ungeweza kuadhibiwa. Katika maeneo ya makabila, hadi mwaka 1996 wapiga kura walikuwa wazee wateule peke yao. Sheria yenyewe iliondolewa 2018, maeneo yale yalipounganishwa na jimbo la Khyber Pakhtunkhwa.

Ukiyasoma haya, lile neno "mila ya kale" linaanza kuyumba. Baraza la wanaume ni la kale, sawa. Ila kuna mkono wa serikali uliolipigilia misumari, ukaondoa milango mingine yote, kisha ukakaa kando ukisema: sheria zenu nazijua.

Sasa msikie tena mkuu wa ngome.

Mwandishi ndiye yeye.

Sisemi kwamba aliwahi kumfungia mtu mlango. Hilo silijui na wala simsingizii. Nasema alikikalia kiti kile. Alizijua desturi za watu hata majina ya pepo zao, ule upepo wa siku mia na ishirini unaovuma kwenye hadithi ya kwanza. Aliwapenda, kila ukurasa unasema hivyo. Na kazi yake ilikuwa kuwapa malazi bila kimbilio. Pengine ndiyo maana mkuu wa ngome hakuandikwa kama mtu mbaya. Ni mpole. Askari wake wanawazoea wale wapenzi wawili na mtoto wao. Upole huo ndio ulionikosesha usingizi, kuliko mawe.

Kuna kisa cha kuandikwa kwa kitabu ambacho lazima nikiseme. Mzee alikuwa akiandika mashairi. Mkewe Helga, Mjerumani, aliyasoma akamwambia hayafai, aandike habari za makabila anayoyajua. Akaandika mwanzoni mwa miaka ya 1970, mke akapiga taipu. Hakuna mchapishaji aliyekitaka. Mswada ukalala zaidi ya miaka thelathini, na aliyeutunza ni Helga. Bila mwanamke huyo kusema "haya hayafai" tusingekuwa na Gul Bibi wa kumsahau.

## Msahafu kichwani

Hapa ndipo nilipokwama wiki nzima, kwa sababu hadithi moja iliniharibia hoja.

Ni ile ya vifo vya ngamia, kwenye kitabu hicho hicho. Wakharoti ni Wapashtuni wafugaji wa kuhamahama. Kila msimu wa baridi walishuka kutoka milima ya Afghanistani kwenda tambarare za upande wa pili, na majira yakigeuka wakapanda tena. Mpaka uliochorwa na Waingereza mwaka 1893 hawakuwa na habari nao. Ngamia hasomi ramani. Mwaka fulani dola zinaamua kwamba asiye na hati ya kusafiria hapiti. Wao hati za nini? Wa nchi gani? Mifugo inakufa kwa kiu, maji yapo ng'ambo, na katikati kuna askari wenye bunduki.

Mwanamke aitwaye Gul Jana anajitwika msahafu kichwani, anatembea mbele.

Hafanyi wazimu. Hiyo ni desturi. Kwa Wapashtuni, wanawake wakitoka na msahafu wakasimama kati ya wapiganaji, bunduki hushushwa. Ni moja ya nguvu chache ambazo mila imempa mwanamke, nayo ni kubwa: anaweza kusimamisha vita vya wanaume wenye ndevu hadi kifuani. Gul Jana anaamini kwamba hakuna mtu atakayempiga risasi aliyebeba neno la Mungu.

Wanampiga.

Kwa hiyo Gul Bibi anauawa na mila, serikali ikitazama. Gul Jana analindwa na mila, na serikali ndiyo inayomuua. Nilikuwa nimejiandaa kuandika makala kuhusu kabila katili na dunia ya kisasa inayokomboa. Gul Jana akaikanyaga njiani, na mimi namshukuru.

Lakini sikuweza kukimbilia upande wa pili pia, ule wa "mila ingekuwa nzuri tu, wakoloni ndio waliiharibu". Kuna kitu kinaitwa *swara* kwa Wapashtuni wa Pakistani, *baad* kwa wa Afghanistani. Mtu ameua. Ili kisasi kisimame, baraza linaamua ukoo wa muuaji utoe binti, aolewe na mmoja wa ukoo wa aliyeuawa. Mara nyingine ni mtoto mdogo. Anaingia nyumba ambayo kila akipita wanamwona ndugu yake aliyewaulia mtu. Wanaume wawili wanapeana mikono, amani inarudi kijijini, na bei ya amani hiyo inaosha vyombo vya adui maisha yake yote. Pakistani ilitunga sheria dhidi ya jambo hili, ikaikaza tena mwaka 2011, na bado habari zake husikika. Hapo hakuna Mwingereza wa kumsingizia peke yake.

## Dubu

Kidogo tu kuhusu Shah Zarina, maana hadithi yake ningeweza kuiandikia makala nzima.

Ni binti wa milimani, anaozwa kwa mwanamume anayetembeza dubu wa kucheza. Kufika, anakuta dubu ndiye anayelala chumbani, naye analazwa nje. Mume anamweleza bila ukali: mke mwingine atapata, dubu mwingine hapati. Mambo yakiharibika anatoroka, anaishia kwenye soko ambako wanawake wanauzwa, na anayemnunua ni Tor Baz. Ndiyo, yule mtoto wa mchangani. Mtoto wa mwanamke aliyekufa kwa kuchagua, amekua mwanamume anayenunua asiyepewa la kuchagua. Kitabu kinakaribia kuisha kama vile hiyo ni heri.

Nilikifunga kwa nguvu, jirani akagonga ukuta.

## Yule aliyevuka

Baada ya hapo nikawa na kinyongo, si na Wapashtuni, ni na hadithi. Nikaanza kuhesabu. Hata kwenye riwaya ile ya Khaled Hosseini ya mwaka 2007, *A Thousand Splendid Suns*, ambayo wengi mmeisoma na siirudii, Mariam ananyongwa na serikali ya Taliban ili Laila, mke mwenzake, aishi. (Najua, hakunyongwa kwa kamba, ni risasi. Mtanisamehe, Kiswahili kinasema kunyongwa.) Nikajiuliza kama fasihi nayo ni ngome ile ile. Inampokea mwanamke, inamlisha kurasa kadhaa, inamfanya tumpende, kisha wakija wanaume inasema: sheria zao nazijua. Kwa sababu kifo chake ni kizuri kukisoma. Hilo ndilo lililonichoma nilipojitazama: mimi nililia kwa Gul Bibi, nikafurahia kulia, na jina sikulishika.

Ndipo nikamkumbuka mwandishi Bapsi Sidhwa, Mparsi wa Lahore, Pakistani. Alisafiri na mumewe kwenye barabara ya Karakoram, na kwenye kambi ya jeshi akasikia habari ya msichana kutoka tambarare aliyeozwa kwa watu wa milimani. Msichana alitoroka, akazunguka milimani siku nyingi, mume na jamaa wakamsaka. Walimpata karibu na mto, wakamuua.

Sidhwa akaandika riwaya kutokana na kisa hicho, ikatoka mwaka 1983. Wanaume wa milima yake ni Wakohistani, majirani wa Wapashtuni, lakini kanuni ya heshima ni ndugu. Msichana anaitwa Zaitoon, yatima wa mauaji ya mwaka 1947, India na Pakistani zilipogawanywa, aliyelelewa Lahore na mwanamume wa milimani aliyemwokota. Mzee huyo anampenda kweli, na kwa sababu anampenda anamwoza kwao. Zaitoon anapigwa, anatoroka, anasakwa kati ya mawe na theluji, anatendewa mabaya ambayo sitayaandika hapa. Kila alama inaonyesha atakufa.

Anafika darajani. Anavuka.

Mara ya kwanza kuisoma, miaka mingi nyuma, nilikasirika. Niliona ni uongo: binti wa kweli alikufa, wewe unatupa faraja ya nini? Safari hii niliisoma upya nikaona vingine. Sidhwa alikuwa na mkao wa mkuu wa ngome: mgeni, mtu wa mjini, anazijua sheria zao. Akaamua kuingilia. Labda ni kosa la kifasihi. Kuna siku naamka nikiamini ni kosa. Siku nyingine nadhani ndiye peke yake katika rafu yangu aliyetoa kimbilio badala ya malazi.

## Nyoka mfupi

Vipi wanawake wenyewe? Wanasemaje wakiachwa waseme?

Waandishi wapo. Zeitun Bano wa Peshawar alitoa mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi kwa Kipashto mwaka 1958, akauita *Hindara*, yaani Kioo, na akaendelea kuandika miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 2021. Lakini kabla ya kitabu kuna wimbo. Unaitwa *landay*, jina la nyoka mfupi mwenye sumu. Una mistari miwili, silabi 9 na silabi 13, basi. Hauna mtunzi. Wanawake huutoa kisimani, harusini, msibani, na kwa kuwa hauna mwenyewe, hakuna wa kukamatwa.

Msomaji wangu wa pwani ameshacheka. Kanga hiyo! Maneno ambayo hayasemeki usoni unayavaa, jirani anayasoma mgongoni mwako, akikuuliza unasema umenunua dukani tu. "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Nani kaandika? Hakuna.

Mshairi Sayd Bahodine Majrouh, Mpashtuni wa Afghanistani aliyeuawa Peshawar mwaka 1988, alikusanya nyimbo hizi kwa wanawake wa kwao na wa kambi za wakimbizi. Alisema mwanamke wa Kipashtuni ana njia mbili za kupinga: kujiua na kuimba. Ninaiheshimu kauli hiyo ingawa nayo imetamkwa na mwanamume. Lakini nyimbo alizokusanya zina kicheko kingi. Ndani yake mume mzee aliyelazimishwa anaitwa jina moja tu, kijitu kibaya. Mwanamke anamwita mpenzi wake waziwazi, anamtania kama ni mwoga, anataja mdomo wake na kifua chake, na mumewe anakoroma pembeni. Huyo Gul Bibi mwenye ulimi sijamkuta kwenye riwaya.

Kuna la pili. Benedicte Grima, mtafiti aliyeishi na wanawake wa Kipashtuni na kutoa kitabu mwaka 1992, aliwaomba wamsimulie maisha yao. Wakasimulia *gham*, huzuni: ndoa, ugonjwa, mtoto aliyekufa, wifi mkorofi. Wanatembeleana kupeana gham, kuna namna yake ya kukaa, ya kuvuta sauti, na msikilizaji ana namna yake ya kupokea. Msimulizi hodari huheshimiwa. Msichana asiyeolewa akiombwa kusimulia husema hana hadithi bado. Hajapata gham.

Nililisoma hilo mara tatu. Katika riwaya zangu karibu zote, mwenye hadithi ni aliyekufa. Katika vyumba vile, mwenye hadithi ni aliyebaki, aliyevumilia hadi akawa na la kusema, na anayelisema kwa wanawake wenzake wanaojua lini waseme "ehe". Sisemi hiyo ni furaha. Kusifiwa kwa kuvumilia ni kamba nyingine, nasi huku tunaijua kamba hiyo jinsi inavyofungwa kwa tabasamu. Lakini kisa chao hakiishii mchangani.

## Jumapili iliyopita

Nilirudi kwa shangazi. Safari hii maharage.

"Shikamoo. Anaitwa Gul Bibi," nikasema kabla sijakaa.

"Marahaba. Nani?"

"Yule mwanamke."

"Ahaa." Akalirudia jina taratibu. "Bibi tena. Mtu mkubwa."

Nikamwambia kule ni kama kusema mwanamke mwenye heshima, na gul ni ua. Akaridhika. Kisha nikamsimulia ya Zaitoon, toka mwanzo, treni ya 1947, Lahore, mzee aliyempenda, milima. Nilipofika darajani nilishusha sauti nikanyamaza, nikidhani nimemaliza vizuri.

"Kavuka?"

"Kavuka, shangazi."

"Alhamdulillahi." Akaokota haragwe lililooza. "Akafikia kwa nani?"

"Kuna meja wa jeshi aliyemwona…"

"Askari tena?"

"Askari."

Akanitazama juu ya miwani.

"Na yeye huyo alimpa malazi, au alimpa nini?"

Nikasimama, nikaenda kukitafuta kitabu kwenye mkoba.